Damu imepanda, MCV imegoma: kisa cha mjamzito wa Muheza na majibu yake manne ya FBP

Mgonjwa wa kisa hiki ni wa mfano. FBP (full blood picture) ni kipimo cha picha kamili ya damu. Namba zake zimepangwa zifanane na zinazoonekana mara kwa mara kwenye kliniki za wajawazito za ukanda wa pwani, kama Muheza mkoani Tanga, na hesabu zake zinakubaliana, kwa hiyo mwenye kalamu anaweza kuzikagua mwenyewe mstari kwa mstari.

Swali lenyewe ni hili. Mama amepewa vidonge vya madini ya chuma kwa wiki 12. Himoglobini (Hb) imepanda kutoka 8.0 hadi 10.7, halafu imesimama. MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu moja, imesimama kwenye 68 wakati kiwango cha chini cha kawaida ni 80. Kwenye kadi ya kliniki kumeandikwa "hamezi dawa vizuri", na pendekezo ni kumwongezea dozi maradufu. Je, kweli hamezi?

Mama ana umri wa miaka 27, ana mimba ya tatu, na alifika kliniki mara ya kwanza akiwa na wiki 16, uzito kilo 56. Mtoto wake wa mwisho ana miezi 17, maana yake mwili haukupata muda wa kurudisha akiba kati ya uzazi na uzazi. Ni mkulima, shambani huenda peku. Chakula chake ni ugali, mchicha, maharage na dagaa mara moja moja, na chai ya rangi anakunywa asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana. Anachoka haraka, moyo unamwenda mbio akipanda kilima, na anakula udongo ule unaouzwa sokoni kwa vipande. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea, VVU hana, homa hana. Choo kilionyesha mayai ya minyoo ya safura.

Huo udongo usipuuzwe. Hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu ni dalili inayoambatana sana na upungufu wa chuma, na mara nyingi huisha siku chache baada ya kuanza dawa, kabla hata Hb haijasogea. Kumuuliza mama swali hilo hakugharimu kitu, ila ni lazima aulizwe bila kukaripiwa, la sivyo atakana.

Majibu ya kwanza, wiki ya 16

RBC, idadi ya chembe nyekundu: 4.20 (trilioni kwa lita)
Hb 8.0 (gramu kwa desilita)
HCT, sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu: 26.0 (asilimia)
MCV 62 (femtolita)
MCH, wastani wa himoglobini katika chembe moja: 19.0 (pikogramu)
MCHC, ukolezi wa himoglobini ndani ya chembe: 30.8 (gramu kwa desilita)
RDW, kiasi ambacho chembe zinatofautiana ukubwa: 20.8 (asilimia)
Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda: 436 (bilioni kwa lita)

Mistari saba ya kwanza yote inahusu chembe nyekundu, lakini mashine haikupima vitu saba. Ilipima vitatu. Kanuni inayotumika kwenye mashine nyingi ni ile iliyosajiliwa na Wallace Coulter huko Marekani mwaka 1953: damu iliyozimuliwa hupitishwa kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme, na kila chembe inayopita hukatiza mkondo huo kidogo. Idadi ya mikatizo ndiyo RBC. Ukubwa wa kila mkatizo ndio ujazo wa chembe, na wastani wake ni MCV. Mtawanyiko wa ukubwa huo ndio unaotoa RDW. Himoglobini hupimwa upande mwingine kabisa: chembe hupasuliwa kwa dawa, kisha mwanga hupitishwa kwenye kimiminika chekundu kilichobaki ili kuona umefyonzwa kiasi gani. Yaliyosalia ni hesabu tu:

HCT ni RBC mara MCV, gawanya kwa 10. Hapa 4.20 × 62 ÷ 10 = 26.0.
MCH ni Hb mara 10, gawanya kwa RBC. Hapa 80 ÷ 4.20 = 19.0.
MCHC ni Hb mara 100, gawanya kwa HCT. Hapa 800 ÷ 26.0 = 30.8.

Faida ya kulijua hilo ni ya kila siku. MCHC hukutanisha vipimo vyote vitatu, kwa hiyo kipimo kimoja kikikosewa, MCHC ndiyo ya kwanza kupiga kelele. Ikitoka juu ya 36 au 37, kabla ya kufikiria ugonjwa wowote tazama sampuli. Huenda damu ina mafuta mengi yanayotia ukungu kwenye mwanga na kuipandisha Hb kwa uongo, au chembe zimegandana kwa baridi na mashine imehesabu fungu zima kama chembe moja kubwa. Katika hali hii ya pili RBC hushuka ajabu na MCV hupaa. Sampuli ikipashwa hadi nyuzi 37 kisha ikarudiwa haraka, namba hurudi mahali pake. MCHC ya mama huyu ni ya chini kidogo, jambo la kawaida kwa chembe zenye himoglobini haba. Hakuna cha kutilia shaka.

Chupa yenyewe ilikuwa ya kifuniko cha zambarau, yenye EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), imejazwa hadi mstari, imegeuzwa taratibu mara nane hadi kumi, na imepimwa siku hiyohiyo. Kila kimoja kina sababu yake. Chupa isiyogeuzwa huganda vipande vidogo, chembe hunaswa humo, na majibu hutoka ya chini kwa chembe nyekundu na hasa kwa chembe sahani. Sampuli iliyolala mezani siku nzima kwenye joto la pwani huvimbisha chembe, MCV hupanda kwa uongo, na MCV ya chini inaweza kujificha. Damu iliyotolewa kwenye mkono wenye dripu huzimuliwa, na mtu huonekana ana upungufu ambao hana.

Sasa tusome. Hb 8.0 kwa mjamzito ni upungufu wa damu wa wastani. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2024 linaweka mpaka wa upungufu kwenye 11.0 kwa miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, na 10.5 kwa miezi mitatu ya katikati. Chini ya 7.0 ni upungufu mkali katika vipindi vyote. Chembe ni ndogo (MCV 62) na zimepauka (MCH 19, kawaida ni 27 hadi 32). RDW ya 20.8 inasema chembe hazilingani ukubwa hata kidogo. Kawaida haizidi 14.5 au hapo karibu. Chembe sahani ziko juu kidogo, na hilo pia huambatana na ukosefu wa chuma. Kwenye kioo cha hadubini mtaalamu wa maabara aliona chembe ndogo zenye weupe mpana katikati, nyembamba ndefu mfano wa penseli, na chache zenye doa katikati kama shabaha. Ferritini, kipimo cha akiba ya chuma, ilikuwa 5 mikrogramu kwa lita. Chini ya 15 akiba imekwisha.

Utambuzi wa mwanzo, kwamba ni upungufu wa damu kwa kukosa chuma, ulikuwa sahihi na haujawahi kuwa na tatizo. Tatizo ni kuamini kwamba ugonjwa mmoja ukishapatikana, wa pili haupo.

Chanzo cha kukosa chuma nacho kilikuwa wazi. Mnyoo mmoja wa safura aina ya Necator humnyonya mtu takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo, lakini minyoo 100 ni mililita 3 kwa siku, karibu mililita 90 kwa mwezi, juu ya mimba mbili zilizofuatana na unyonyeshaji. Aina nyingine, Ancylostoma duodenale, hunyonya mara kadhaa ya hapo.

Dawa, na majibu ya wiki nne

Alipewa albendazole miligramu 400 mara moja, kwa kuwa miezi mitatu ya kwanza ilishapita. Alianzishiwa chuma halisi miligramu 120 kwa siku pamoja na asidi ya foliki mikrogramu 400. Hapa pana jambo linalokosewa mara nyingi: "miligramu 200" iliyoandikwa kwenye kopo la ferrous sulphate au ferrous fumarate ni uzito wa chumvi nzima, chuma halisi ndani yake ni takriban miligramu 65 tu. Anayesoma kopo bila kujua hilo hudhani mama anapata mara tatu ya anachopata.

Asidi ya foliki ilibaki mikrogramu 400 kwa makusudi. Kidonge cha miligramu 5, ambacho bado kinagawiwa kwa mazoea katika vituo vingi, hudhoofisha SP, dawa ya kuzuia malaria anayomezeshwa kliniki. SP hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foliki. Kumjaza mama foliki ni kumlisha kimelea.

Maelekezo ya kumeza yalikuwa mafupi: vidonge na maji au juisi ya ndimu, chai isogee angalau saa moja kabla na saa mbili baada, na vidonge vya kalsiamu au dawa za kiungulia zisimezwe wakati mmoja na chuma. Tena aliambiwa mapema kwamba choo kitakuwa cheusi. Asiyeambiwa huogopa, akaacha dawa, na kliniki asiseme. Kuna tafiti zilizofanyika Zürich kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, zilizotolewa mwaka 2017, zilizoonyesha kwamba chuma hufyonzwa vizuri zaidi kikimezwa siku moja na kurukwa siku moja, kwa sababu dozi ya leo huamsha homoni ya hepsidini inayofunga mlango wa utumbo hadi kesho. Kwa mama ambaye kichefuchefu kinamshinda hiyo ni njia nzuri ya kumwokoa asiache kabisa. Huyu alivumilia dozi ya kila siku, wakaendelea nayo.

Wiki ya 20 majibu yalikuwa: RBC 4.80, Hb 9.6, HCT 31.2, MCV 65, MCH 20.0, MCHC 30.8, RDW 26.3, chembe sahani 318.

Hb imepanda gramu 1.6 kwa wiki nne, na hayo ni mafanikio. Matarajio ya kawaida ni kama gramu moja kwa wiki mbili hadi tatu, na kwa mjamzito ambaye maji ya damu yake yanaongezeka kila wiki, 1.6 ni zaidi ya kuridhisha. Hamu ya udongo ilikwisha. Lakini RDW imeruka kutoka 20.8 hadi 26.3, na mwenye kusoma mstari mmojammoja angedhani mambo yameharibika. Ni kinyume. Chembe nyekundu huishi siku 120. Za zamani, ndogo na zilizopauka, bado ziko kwenye mzunguko, na sasa zimechanganyika na mpya zilizopata chuma. Mchanganyiko huo ndio unaotanua mtawanyiko. Mashine zinazochapisha mchoro wa ukubwa wa chembe huonyesha wakati huu vilima viwili badala ya kimoja. RDW inayopanda wiki za mwanzo za tiba ni ushahidi kwamba dawa imefika kwenye uboho.

Shutuma ya "hamezi dawa" ilizaliwa wiki hiyohiyo, kabla haijaandikwa kwenye kadi, na haikutokana na majibu haya. Siku tatu kabla, kwenye zahanati ya kijijini, Hb ilipimwa kwa tone la kidole na kutoka 8.7. Aliyelinganisha 8.0 na 8.7 aliona mwezi mzima umeleta gramu 0.7 tu. Tofauti kati ya 8.7 na 9.6 siku chache tu baadaye inatosha kueleza kilichotokea: kidole kilikamuliwa. Ukikikamua kidole, maji ya kwenye nyama hutoka pamoja na damu na kuizimua. Namna inayofaa ni kupasha mkono joto, kutumia kidole cha kati au cha pete, kuchoma pembeni ya ncha kwa kina cha kutosha, kuacha spiriti ikauke kabisa kabla ya kuchoma, kufuta matone mawili ya mwanzo, kisha kulijaza kibati cha kipimo kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye tone linalojitokeza lenyewe. Kibati chenye kiputo cha hewa hutupwa, hakirekebishwi kwa kuongeza tone jingine. Hata kikipimwa kwa usahihi, kidole na mshipa hutofautiana kidogo, kwa hiyo mwendo wa mgonjwa ufuatwe kwa njia ileile kila mara. Kulinganisha jibu la mshipa la mwezi jana na la kidole la mwezi huu ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Wiki ya 24 na ya 28

Wiki ya 24: RBC 5.10, Hb 10.7, HCT 34.7, MCV 68, MCH 21.0, MCHC 30.8, RDW 17.4.

Wiki ya 28: RBC 5.05, Hb 10.6, HCT 34.3, MCV 68, MCH 21.0, MCHC 30.9, RDW 15.1, chembe sahani 287.

Hapa ndipo kadi ilipoandikwa ile sentensi. Tuanze na swali la dawa, kwa sababu linahusu heshima ya mtu. Ushahidi kwamba amemeza uko ndani ya majibu yenyewe, tena wa aina nyingi zisizotegemeana: Hb imepanda gramu 2.7 ndani ya wiki nane huku maji ya damu yakiongezeka. RDW imepanda kisha ikashuka, mwendo unaotokea pale chembe za zamani zinapokufa na nafasi yake kuchukuliwa na zinazolingana. Chembe sahani zimeshuka kutoka 436 hadi 287. Hamu ya udongo imekwisha. Ili kumaliza ubishi ferritini ilirudiwa wiki ya 28 ikatoka 41, CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi) ikiwa 3. CRP ni ya lazima hapo, kwa kuwa maambukizi, malaria ikiwemo, huipandisha ferritini bila chuma kuongezeka, na ferritini ya 41 yenye CRP kubwa haimwaminishi mtu. CRP ikiwa ya chini, 41 ni akiba ya kweli.

Hesabu ya chuma nayo inakubali. Kwa kanuni ya Ganzoni, kupandisha Hb kwa gramu 2.6 kwa mtu wa kilo 56 kunahitaji 56 × 2.6 × 2.4, yaani karibu miligramu 350. Kila mikrogramu moja ya ferritini inawakilisha takriban miligramu 8 za akiba, kwa hiyo kutoka 5 hadi 41 ni kama miligramu 290. Jumla 640, bado chuma cha mtoto, kondo la nyuma na ongezeko la damu. Siku 84 za miligramu 120, mwili ukifyonza sehemu moja ya kumi tu, ni takriban miligramu 1,000. Asiyemeza hawezi kufika hapo.

Basi kwa nini MCV imegoma? Kama ukosefu wa chuma ndio ungekuwa sababu pekee ya udogo wa chembe, akiba ikishajaa na chembe nyingi za zamani zikishakufa, MCV ilipaswa kurudi 80 na zaidi. Tena ujauzito wenyewe huipandisha MCV kidogo, kwa hiyo 68 katika wiki ya 28 ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Jibu liko kwenye mstari ambao wengi huuruka: RBC. Mjamzito wa wiki ya 28 yuko karibu na kilele cha kuzimuka kwa damu. Plazma huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, chembe nyekundu kwa asilimia 20 hadi 30 tu. RBC inatarajiwa kuwa chini ya 4.5, mara nyingi chini ya 4. Huyu ana 5.05. Uboho wake unazalisha chembe nyingi kuliko kawaida, zote ndogo, zote zinalingana. Uboho unaokosa chuma haufanyi hivyo, kwa sababu umekosa malighafi na uzalishaji wenyewe hupungua. Uboho wenye chuma cha kutosha lakini wenye hitilafu ya kurithi kwenye protini ya himoglobini ndio unaotengeneza chembe nyingi ndogo. Hitilafu hiyo ni talasemia.

Ile Hb ya 10.6, ambayo inamweka chini kidogo ya mpaka wa 11.0, ni talasemia ndogo jumlisha kuzimuka kwa ujauzito. Chuma hakihusiki tena.

Talasemia ipi

Himoglobini ya mtu mzima hujengwa kwa minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta. Jeni za beta ni mbili, moja kwenye kila kromosomu ya 11. Za alfa ni nne, mbili mbili kwenye kromosomu ya 16. Kipimo cha kutenganisha himoglobini, kwa umeme au kwa mashine ya HPLC, hufanyika katika baadhi ya hospitali kubwa, na cha mama huyu kilitoka asilimia 2.5 ya HbA2 (aina ndogo ya himoglobini ya mtu mzima), asilimia 0.6 ya HbF (himoglobini ya mtoto aliye tumboni), bila HbS (himoglobini ya selimundu).

Talasemia beta ya kurithi upande mmoja huipandisha HbA2 juu ya 3.5. Hapa haipo. Lakini jibu hilo limeaminika kwa sababu lilipimwa wiki ya 28, chuma kikiwa kimejaa. Ukosefu wa chuma hushusha HbA2, na kama sampuli ingepelekwa wiki ya 16, jibu la kawaida lisingekuwa na uzito wowote. Jaza chuma kwanza, pima HbA2 baadaye.

Kosa la pili ni kusoma "HbA2 kawaida" kana kwamba imeandikwa "hana talasemia". Talasemia alfa haionekani kwenye kipimo hicho. Mtu aliyepungukiwa na jeni moja au mbili za alfa hutoka na jibu safi kabisa, kwa kuwa aina za himoglobini zote hupungua kwa uwiano mmoja. Kuithibitisha kunahitaji kipimo cha DNA kinachotafuta kipande kilichokatika, na Afrika Mashariki kilichozoeleka ni kile kinachoitwa 3.7. Kliniki nyingi hazina kipimo hicho, na kwa mgonjwa kama huyu si lazima: chembe ndogo zinazolingana, RBC ya juu, ferritini nzuri, CRP ya chini, HbA2 ya kawaida, na anatoka pwani. Utambuzi ni wa kudhaniwa, lakini kwa msingi mzuri, na uandikwe hivyo.

Neno "anatoka pwani" lina uzito mkubwa. Tafiti za Kilifi, Kenya, zimekuta zaidi ya nusu ya watoto wamekosa angalau jeni moja ya alfa, na Muheza hali inafanana. Sababu ni malaria: Thomas Williams na wenzake walionyesha mwaka 2005 na 2006 kwamba watoto wenye hali hii hupata malaria kali kwa nadra zaidi. Ni ngao, yenye gharama ya kuwa na chembe ndogo. Hali hiyo imeenea sana Oman pia, na huko talasemia beta nayo ipo, ndiyo maana HbA2 isirukwe kwa familia zenye asili ya pande zote mbili.

Kuna njia moja ambayo HPLC huidokeza talasemia alfa: mtu akiwa amebeba selimundu upande mmoja. Kwa kawaida HbS yake huwa karibu asilimia 40. Akiwa amekosa jeni mbili za alfa, hushuka karibu na 30. Anayeona AS (jibu la aliyebeba selimundu upande mmoja) yenye HbS ya 29 na MCV ya 70 kwa mtu mwenye ferritini nzuri ameshapata jibu bila kupima DNA.

Wengi huukimbilia uwiano wa Mentzer wa mwaka 1973: MCV gawanya kwa RBC, ikiwa juu ya 13 ni ukosefu wa chuma, chini yake ni talasemia. Kwa mama huyu wiki ya 16 ilikuwa 62 ÷ 4.20 = 14.8, na wiki ya 28 ikawa 68 ÷ 5.05 = 13.5. Mara zote mbili uwiano unasema chuma, na mara ya pili unakosea. Ulitengenezwa kutofautisha talasemia beta na ukosefu wa chuma. Ujauzito huishusha RBC kwa kuizimua, na uwiano ukapanda bila sababu ya ugonjwa. Mtu mwenye vyote viwili kwa pamoja huuchanganya zaidi. Nasi tunaona usitumike kufanya uamuzi kwa mjamzito.

Yapo mengine yanayoweza kugomesha MCV, na yalipitiwa kabla ya kufunga. Damu inayoendelea kupotea ingeiacha ferritini chini. Uvimbe sugu wa ndani ya mwili (inflammation) au maambukizi yangeonekana kwenye CRP. Sumu ya risasi huacha vidoadoa vya buluu kwenye chembe, na kioo hakikuwa navyo. Kinyume chake pia kipo: upungufu wa foliki au vitamini B12, au zidovudine kwa anayetumia dawa za VVU, huikuza chembe, na ukikutana na ukosefu wa chuma MCV hutoka 85 ya kupendeza huku magonjwa mawili yamejificha ndani ya mtu mmoja. Mwenye MCV ya kawaida na RDW ya 20 atazamwe kioo.

Kilichobadilishwa

Dozi haikuongezwa maradufu. Ilishushwa hadi ile ya kinga, miligramu 60 za chuma halisi na mikrogramu 400 za foliki kila siku hadi kujifungua, na wiki 6 hadi 12 baada ya hapo. Talasemia alfa haimkatazi mtu chuma anachokihitaji. Inachokataza ni kufukuzia MCV ya 80 ambayo hataifikia maishani. Chuma cha mshipani hakikuhitajika, damu ya kuongezewa wala haikufikiriwa. SP iliendelea kwa ratiba yake, na viatu vya shambani viliongezwa kwenye ushauri, maana albendazole huua minyoo iliyopo, haizuii mingine kuingia.

Hb itarudiwa wiki ya 32 na ya 36, kwa mshipa. Ikishuka gramu moja au zaidi kati ya vipimo viwili, au ikiwa chini ya 9, hiyo si talasemia. Itafutwe malaria, damu inayovuja, au chuma kilichoisha tena, na ferritini irudiwe. Kundi la damu lilishapimwa. Atajifungulia kituo chenye damu ya akiba, na oksitosini yuniti 10 itachomwa mara tu mtoto anapotoka, kwa kuwa mwenye 10.6 hana nafasi kubwa ya kupoteza.

Kuhusu mtoto, jibu ni la kutuliza. Mama hana HbS wala beta, kwa hiyo mtoto hawezi kuwa mgonjwa wa selimundu. Kama mama amekosa jeni moja ya alfa kwenye kila kromosomu, mtoto atarithi kutoka kwake ile moja iliyobaki, na hata baba akiwa na hali ileile, mtoto atakuwa na chembe ndogo na maisha ya kawaida. Aina nzito, ambayo kromosomu moja hukosa jeni zote mbili, ni ya nadra Afrika. Baba mwenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki au kandokando ya Bahari ya Mediterania ndiye wa kupimwa.

Sentensi ya zamani kwenye kadi ilikatwa kwa mstari mmoja, ikaandikwa tarehe na nyingine badala yake: "Dawa amemeza. Ferritini 41, CRP 3, HbA2 2.5 wiki ya 28. MCV 68 huenda ni ya kuzaliwa, talasemia alfa inadhaniwa. Mimba ijayo pima ferritini kabla ya kutoa chuma cha tiba." Alipewa pia karatasi yenye majibu yote manne akae nayo nyumbani, na kuambiwa dada na kaka zake wakipimwa FBP na kuonekana wana chembe ndogo, waionyeshe karatasi hiyo kabla ya kuanza vidonge.